Aliyeramba Karatasi za Fundi Rafaeli

Barua ya Mshamu, mwenyekiti wa kijiji, iliandikwa Jumatatu asubuhi, ikapigwa muhuri, ikawekwa chini ya pasi ya mkaa iliyopoa ili isikunjike. Saa saba mchana Fundi Rafaeli alipoinua pasi aliikuta imelowa, na si kwa maji. Ilikuwa inavutika kama mlenda, na mahali palipokuwa na jina la fundi palikuwa peupe, wino wote umekwenda. Akainusa, na hapo alikosea. Ilinuka mdomo wa mtu aliyelala na kamba wabichi kwenye meno.

Rafaeli alikuwa Mmakonde wa Msumbiji. Alikimbia vita mwaka 1983, na kwa miaka kumi alishona nguo pale Nyamisati, tangu enzi za kutafuta kitenge kwa tochi mpaka mitumba ilipomwagika na yeye akawa wa kupunguza makoti ya Wazungu yaenee mabega ya wavuvi. Sasa Benedict, afisa wa uhamiaji pale Kibiti, alikuwa amempa mpaka Ijumaa athibitishe kwamba ni mkazi wa kudumu. Akishindwa atarudishwa kwao, amwache mkewe Marsela, muuguzi wa zahanati, na binti yao Imani wa miaka sita. Mtu aliyeajiriwa hupeleka barua ya mwajiri, mambo yakaisha. Mwajiri wa Rafaeli alikuwa cherehani. Ilibidi akusanye leseni za biashara, stakabadhi za ushuru na barua ya kijiji, mwaka baada ya mwaka, pasipo pengo.

Jumanne alifungua kopo la biskuti alimotunza leseni zake. Tatu zilikuwa zimerambwa. Naam, zimerambwa, hakuna neno la heshima zaidi, na mimi mwenyewe roho inanichafuka kulisema. Michirizi ya mate ilikuwa imekauka pembeni ikaacha ukoko wa njano, na kilichofutika ni jina lake na mwaka tu. Bei na mihuri vilikuwepo.

Jumatano adhuhuri, kijiji kizima kimejilaza kwa joto, Marsela alikuja kula. Mume na mke walikuwa hawajamaliza wali pale sauti ilipoanza chini ya meza ya kukatia nguo, kwanza taratibu, ya mtu anayepoza uji, kisha ya kuvuta na kunyonya, na harufu ya tope la mikoko ikapanda mpaka Marsela, aliyekuwa ameosha vidonda vya watu kumi na wawili asubuhi ile bila kukunja uso, akaziba pua kwa upindo wa kanga, na Rafaeli akainama akaona ulimi, ulimi tu, usio na kichwa wala shingo nyuma yake, wa kijivu, mpana kama kandambili, umechomoza kwenye ufa wa sakafu ya udongo, umejaa vidonda vyeupe na maganda ya kamba, unapita juu ya stakabadhi ya mwaka 1987 mstari kwa mstari, bila haraka, kama mtoto anayejifunza kusoma.

"Baba Imani, usiuguse," Marsela alinong'ona.

Alikimbilia uani akatapika wali wote. Rafaeli alibaki amepiga magoti, akijionea mwaka wake mmoja unamezwa.

Jioni walikwenda kwa Bi Mwamvua, mganga aliyekuwa msemaji wa wenye mahali pale, yaani majini wa mikokoni. Hakushangaa. Alimkumbusha Rafaeli kwamba kila mgeni aliyefika kuishi Nyamisati alipelekwa naye kwenye ukingo wa mikoko, akaulizwa swali moja kwa sauti: amekuja kupita au kukaa. Wa kupita hutoa unga na marashi, basi. Wa kukaa huzika nywele na kucha zake. Rafaeli alijibu anapita. Alidhani vita vingekwisha kabla ya mavuno, na yeye Mkatoliki aliona haya kuwazikia majini nywele zake.

"Mwenye mahali amekushika kwa neno lako, mwanangu," bibi alisema. "Ofisini unasema umekaa miaka kumi. Yeye anajua uliaga siku ile ile uliyofika."

Dawa yake ilikuwa chafu kuliko ugonjwa. Waislamu wa pale hunywa kombe, maandiko matakatifu yaliyooshwa kwa marashi. Rafaeli alitakiwa anywe kombe la kwake. Alhamisi adhuhuri karatasi zote ziliachwa sakafuni zirambwe mpaka zikawa nyeupe, kisha Bi Mwamvua akakwangua ute kwa kijiko, ukatoka na wino wake, akautia bakulini pamoja na nywele na kucha za fundi. Ulikuwa mzito, wa rangi ya kijani na bluu, na ulitoa mapovu peke yake.

Marsela alimshika mumewe mkono. "Utapata kipindupindu."

"Nikipata nitaugulia hapa," Rafaeli akajibu.

Akasema kwa sauti kwamba anakaa, akanywa. Ilimbidi atafune. Marsela aligeukia ukuta, na nasikia mwaka ule haukuwa wa mabusu nyumbani kwao.

Asubuhi ya Ijumaa karatasi zilikuwa kavu na maandishi yamerudi, meusi kuliko mwanzo. Benedict alizipitia moja moja, akauliza mawili matatu, akagonga muhuri. Rafaeli alilia mbele ya watu bila aibu.

Mwaka uliofuata barua ilifika kutoka kwao Mueda. Vita vilikuwa vimekwisha, na mama yake alikuwa kitandani akitaka kumwona kabla ya kufa. Rafaeli alifunga begi la wiki mbili. Marsela alimsindikiza mpaka Ndundu, magari yanapovushwa Mto Rufiji kwa pantoni.

Alipokanyaga chuma cha pantoni alilitua begi ghafla. Akainama. Kilichomtoka mdomoni kilikuwa tope jeusi la mikoko, ndoo nzima, na ndani yake kaa wadogo walio hai wakatawanyika miguuni mwa abiria. Watu walirukia ukingoni wakiziba pua. Akajifuta, akasema ni chakula tu, akapiga hatua nyingine kwa ajili ya mama yake. Likatoka jingine. Marsela alimkimbilia akamwinua kichwa, akamsihi aseme anaumwa wapi.

Mdomo wa Rafaeli ukafunguka, lakini macho yake yalikuwa yanamtazama mkewe kwa hofu, kama hata yeye anangoja kusikia.

"Mrudishe," ilisema sauti isiyo yake, ya kikongwe, nzito, yenye kikohozi na harufu ya kamba wabichi. "Huyu ni mkazi."