Picha Nyeusi ya Nembo ya Shule

Fundi cherehani alifagia mabaki ya vitambaa, kisha akawasha kompyuta yake inayotumia mfumo wa Linux. Meza ni moja tu. Kulia kuna cherehani, kushoto kuna kompyuta. Mumewe, fundi baiskeli, alikuwa mlangoni akinywa chai.

Kwenye skrini kulikuwa na nembo ya shule: ndege amesimama juu ya kitabu. Programu ya kutarizi ilionyesha kila mahali uzi utakapopita. Mwalimu mkuu alitaka picha ya nembo hiyo kabla ya saa tano. Saa hiyo kamati ya shule ingekaa kuchagua fundi wa kuitarizi kwenye sweta za wanafunzi. Sweta mia mbili na arobaini! Na sasa ilikuwa saa tatu na nusu.

Mke akafungua programu yake ya kupigia picha za skrini. Akabonyeza. Picha ikatoka nyeusi tii.

"Mwezi uliopita ilikuwa inapiga vizuri," alisema. "Mume wangu, umeifanya nini hii kompyuta?"

"Niliisasisha Jumapili. Iliomba yenyewe."

"Na ikiomba uitupe kisimani, utaitupa?"

Akaifuta programu, akaiweka upya. Nyeusi. Alirudia mara tatu. Nyeusi, nyeusi, nyeusi.

"Acha kuhangaika, simu ninayo," mume alisema. Akasimama mbele ya skrini, akaipiga picha kwa simu, akamtumia mwalimu mkuu.

Jibu lilikuja haraka: "Ndege ana mistari mwilini, uzi hauonekani. Halafu, huyo mwenye kipara ni nani?"

Mke akainyakua simu. Kweli, kioo cha skrini kilikuwa kimeakisi kipara cha mumewe, kinang'aa juu ya kitabu.

"Umemkalia ndege wangu!" alisema. "Hebu nenda kamwite jirani."

Jirani ni mpiga chapa, na kazini kwake wanatumia Linux. Alikuja na wino vidoleni.

"Shemeji, nasikia umekuwa nembo ya shule."

"Cheka tu," mume alisema. "Saa inakwenda."

Jirani akaketi. "Programu yenu haijaharibika, dada. Ni ya zamani. Zamani programu yoyote iliweza kuchungulia skrini nzima. Mfumo mpya umeweka pazia, ili programu ya wizi isichungulie barua zako. Yako nayo inachungulia, inakuta pazia, inakuletea giza."

"Kwa hiyo hata nikiiweka mara kumi…"

"Utapata giza mara kumi. Tumia kifaa cha mfumo wenyewe. Hicho kinaruhusiwa. Bonyeza kitufe kilichoandikwa PrtSc."

Mke akabonyeza. Hakuna kilichotokea.

"Kompyuta nyingi za mkononi kama hii zinataka ushikilie kitufe cha Fn kwanza. Vyote viwili, pamoja."

Skrini ikafifia, fremu ikatokea. Mke akaburuta pembe zake mpaka zikamzunguka ndege na kitabu. Akabonyeza Enter. Fremu ikatoweka.

"Imepotea!" mume alisema.

"Haijapotea, shemeji, punguza presha. Fungua folda ya picha. Ndani yake kuna folda iliyoandikwa Screenshots, yaani picha za skrini."

Wakaifungua. Ndege huyo hapo, safi, hana mstari hata mmoja. Hata uzi mwekundu wa jicho ulionekana. Mke akaituma saa tano kasorobo.

Kisha akachukua kipande cha karatasi ya kukatia mitindo, akaandika: Fn na PrtSc. Buruta fremu. Enter. Folda ya picha. Akakichoma ukutani kwa pini, juu ya cherehani.

"Na ukitaka kusasisha tena," alimwambia mumewe, "uniulize kwanza nina kazi gani siku hiyo."

"Nitakuuliza," mume alisema. Akampelekea jirani kikombe cha chai.

Saa sita simu ililia. Mke akasoma kwa sauti: "Kamati imekubali. Anza kazi kesho. Ila wajumbe wameiona ile picha ya kwanza pia, na wanamsalimia mwenye kipara."