Kibali Hakijatoka, Mama Amekufa

"Ukipanda boti hiyo, Patrick, ujue umeniacha."

Melania alimwambia mumewe akiwa amesimama mlangoni. Patrick alikuwa amepiga magoti chumbani kwao Gungu, mjini Kigoma, anasokomeza mashati kwenye begi huku machozi yakimtiririka. Simu kutoka kwao Kalemie, ng'ambo ya ziwa nchini Kongo, ilikuwa imekatika muda si mrefu: mama yake mzazi amefariki, na wazee wanamsubiri yeye, mtoto wa kwanza, atie udongo kaburini ndipo wengine wafuate.

"Mama amekufa, Mela. Unataka nimzike kwa simu?"

"Ofisa wa uhamiaji alikuambiaje? Si mbele yangu? Ukitoka nchini kabla ombi lako la ukaazi halijajibiwa, umelifuta mwenyewe. Unaanza upya, tena ukiwa huko huko."

"Ni ng'ambo tu hapo..."

"Ni ng'ambo tu! Ndivyo ulivyosema mwaka juzi!"

Mwaka juzi alivuka kwenda harusi ya mdogo wake, kama watu wa ziwani wanavyovuka siku zote, kwa mazoea, bila kumuuliza mtu. Ombi la kwanza likafa. Akakwama Kalemie miezi chungu nzima, na Melania akajifungua Happiness peke yake, baba akisikia kilio cha kwanza cha mwanawe kwenye simu.

Na lilikuwepo jingine ambalo Melania hakulitamka. Dada yake, Eufrasia, alikuwa amemwambia, "Huyo Mkongo amekuoa kwa ajili ya kibali. Lisemwalo lipo. Siku karatasi ikitoka utamtafuta kwa tochi." Melania alimgombeza, lakini neno la ndugu likishaingia moyoni halitoki kirahisi.

Akampokonya begi.

"Nitakwenda mimi."

"Wewe? Mama hakutaka hata kukuona!"

"Najua. Aliniita mwizi wa mwanawe. Lakini ni mama mkwe wangu, na mimi nikitoka narudi kwetu. Nitatia udongo kwa niaba yako. Wewe baki. Niapie."

Patrick akasema kwa sauti ndogo, "Naapa."

Melania akapata hati ya dharura ya kusafiria, akambeba Happiness mgongoni, akapanda boti ya mizigo. Alipokanyaga Kalemie aliandika: "Tumefika salama. Mtoto katapika tu njiani. Usiende popote."

Hakujibiwa. Akapiga, simu haipatikani. Akapiga tena, vilevile. Siku ya maziko, wakati jeneza linatolewa nje, ukaingia ujumbe wa Eufrasia: "Mumeo hayupo. Mlango una kufuli tangu jana. Si nilikuambia?"

Alitembea hadi makaburini bila kuona njia.

"Huyu njo muke ya Patrick?" aliuliza Mzee Gasper, kaka wa marehemu, kwa Kiswahili cha Kongo.

"Shikamoo, mjomba. Ndiyo mimi."

"Na yeye mwenyewe iko wapi?"

Alitaka kusema yuko Kigoma anasubiri kibali. Hakujua tena kama ni kweli.

"Mimi ndiye niliyemkataza kuja, mjomba. Kama ni lawama, nipeni mimi."

Wanawake wakaguna. "Karatasi ya Tanzania njo mama yake sasa," mmoja akasema kwa sauti makusudi.

"Asiyekuwepo na lake halipo," Mzee Gasper akasema kwa uchungu. "Tia udongo wewe, basi."

Melania akainama, akachota.

"Mama," akaita. Hakuwahi kumwita hivyo. "Mimi ni Melania. Huyu mgongoni ni mjukuu wako. Ulisema nilikuibia mtoto. Sikumwiba, nilimpenda. Nisamehe kwa kumzuia..."

Nyuma yake watu walikuwa wanapisha njia.

"Mela."

Aligeuka. Patrick alikuwa amesimama pale, suruali imelowa hadi magotini, anahema.

"Mawe we, mama yangu! Patrick, uliniapia!"

"Niliapa. Boti yenu ilipoondoka nikajiona si mtu. Nimemtuma mke wangu na mtoto wangu wakatukanwe badala yangu."

"Na ombi?"

"Limekwisha. Wamenigongea muhuri wa kutoka. Ofisa kaniuliza mara mbili kama najua ninachofanya."

"Nimekuja huku ili wewe usije!"

Akampiga ngumi ya kifua, udongo ukabaki kwenye shati, kisha akaangua kilio papo hapo kifuani. Alikuwa na hasira naye, hasira ya kweli. Lakini chini ya hasira hiyo moyo wake ulikuwa umetulia kabisa, maana aliyeoa kibali hawezi kukitupa namna hii.

Patrick akatia udongo, akamlilia mama yake.

Matanga yalipokwisha, Eufrasia alipiga simu.

"Unarudi lini? Boti si ipo kesho?"

"Sirudi kesho, dada. Patrick anaanza ombi upya akiwa huku."

"Aanze! Wewe una nchi yako. Njoo umsubirie nyumbani."

"Nilishawahi kumsubiria nyumbani. Nikazaa peke yangu."

"Mela, una wazimu? Hati yako ni ya dharura, wiki mbili tatu imekwisha. Utakaaje kwenye nchi ya watu?"

Melania alimtazama Patrick, aliyekuwa uani akimlisha Happiness uji.

"Kesho asubuhi nakwenda uhamiaji wa huku," akasema. "Na mimi nikaombe kibali cha kukaa na mume wangu."