Kamba ya Ndundu Iliyofungwa Kaniki

Jamaa zangu wa Kibiti na Rufiji, nawasimulieni habari ya nyumba moja pale Ndundu, mwaka wa pili wa vita vya Maji Maji. Haikuwa nyumba ya watu wabaya. Ingekuwa hivyo, nisingejisumbua.

Alasiri moja Mwanawetu alikuwa ameketi barazani, mto umejaa lakini unakwenda kimya. Mumewe, Mfaume, alirudi kutoka kivukoni, akaketi kando yake na kumnyooshea viganja vyote viwili. Mwanawetu akachukua mwiba, akaanza kumchokoa vijisindano vya chuma, kimoja baada ya kingine. Walikuwa wakicheka.

"Leo vimezidi," alisema.

"Waya wa Mdachi umeota miiba, Mama Mwantum."

Mfaume alikuwa mkuu wa wavutaji wa pantoni. Wadachi walikuwa wametandaza kamba ya nyuzi za chuma toka ukingo hadi ukingo, ikipita juu ya nguzo mbili, na wanaume sita walisimama ndani ya pantoni wakiivuta kamba hiyo kwa mikono. Mitumbwi ilikuwa imechomwa moto yote, wapiganaji wasivuke. Aliyetaka kuja huku kutoka kusini hakuwa na njia nyingine. Na amri ilikuwa moja: mvutaji akiona uzi wa kamba umekatika, aseme, pantoni isimame mpaka ije kamba mpya kutoka Dar es Salaam.

Kamba mpya ingechukua miezi miwili. Na binti yao Mwantum, aliyeolewa ng'ambo ya kusini, alikuwa na mimba ya kwanza, ya miezi minane. Mimba ya kwanza hujifunguliwa kwa mama. Mwanawetu alikwisha kukusanya hata kuni za kumchemshia mzazi maji ya kumkanda.

"Usiseme," alimwambia mumewe. "Mwanangu avuke kwanza."

"Na mikono yetu?"

"Mikono niachie mimi."

Kesho yake alichana kaniki yake kuukuu vipande virefu, akaenda kivukoni. Aliizungushia kamba pale karibu na nguzo, ambapo miiba ilikuwa mingi kuliko kwingine, akapaka mafuta ya ufuta juu yake. Wavutaji wakashika, wakavuta, hawakuchomwa. "Mungu akuzidishie, shangazi!" walisema. Naye alifurahi, kwa nini asifurahi?

Siku ya tatu akapita Mshamu. Huyu alikuwa mfua vyuma, Mmatumbi aliyehamia Bungu baada ya kijiji chake kuteketezwa, naye ni mtani wa Mfaume. Aliitazama kamba, akamgeukia Mwanawetu aliyekuwa akiongeza mafuta, akaangua kicheko.

"Aa, shemeji! Kamba haijafa, mmeshaivika sanda?"

"Nyamaza, mla mizizi," Mfaume alijibu. "Nyie mnajua mawe ya milimani kwenu. Ya mtoni tuachieni."

Mshamu akatoa kipande cha waya mfukoni mwa kanzu yake. Akakipinda huku, akakirudisha. Akakipinda tena, akakirudisha. Hakutumia patasi wala moto. Baada ya mara kumi na kitu, waya ukakatika.

"Chuma nacho huchoka, mtani. Mzigo kinaubeba miaka. Kinachokichosha ni kupindwa na kunyooshwa, kupindwa na kunyooshwa. Hapo nguzoni kamba yako inapindwa kila mkivuka. Hiyo miiba ni nyuzi zilizokwisha kufa. Fungua sanda, uwahesabu marehemu wako."

Wavutaji walicheka mpaka wakashika mbavu. Ndivyo tulivyo, jamaa zangu. Mtani akikwambia utakufa kesho, unamjibu akachimbe kaburi mapema. Mfaume alikuwa akiwacheka sana wale walioamini kwamba maji yatageuza risasi; yeye aliamini chuma. Mshamu naye akacheka, kwa kuwa mtani haruhusiwi kukasirika, akaenda zake.

Mwanawetu hakucheka. Aliokota kile kipande cha waya, akakigusa pale kilipokatikia. Kilikuwa cha moto. Zimebaki siku tisa Mwantum avuke, aliwaza. Siku tisa tu. Akakitupa mtoni.

Siku ya tisa ilikuwa Ijumaa. Pantoni ilitoka ng'ambo asubuhi ikiwa imejaa watu waliokimbia njaa. Mwanawetu alisimama ukingoni. Alimwona bintiye ameketi juu ya mzigo, mkono mmoja tumboni. Mwantum akamwona mama yake, akauinua mkono wa pili.

Walikuwa wamekwisha kuvuka katikati. Kaniki ikachanika, kamba ikakatika, ikaondoka nguzoni na kupita juu ya maji. Hakukuwa na kishindo kikubwa. Pantoni iligeuka polepole, ikainama upande mmoja, na watu wakateleza.

Kati ya watu thelathini waliokolewa kumi na mmoja. Mfaume alikuwa mmoja wao. Mwantum hakuwamo.

Mwanawetu alirudi nyumbani kwa miguu yake. Alizitoa zile kuni nje, akazipanga upya, kubwa chini, ndogo juu. Majirani walimtazama. Alipomaliza alizipangua, akaanza tena.

Kwenye matanga, kazi ya mtani ni kuwachekesha wafiwa. Mshamu alifika, akasimama mlangoni, watu wote wakamngoja. Alifungua kinywa, kisha akaketi.

"Sema, mtani," Mwanawetu alimwambia. "Ni haki yako."

"Sina, shemeji."

"Basi kula."

Akamsogezea sahani. Mfaume alikuwa pembeni, viganja vyake juu ya magoti, vimepona kabisa.

Mafunzo

Jamaa zangu, kitu kikikuchoma mkono kila siku, usitafute kitambaa kabla hujatafuta kinachokuchoma. Chuma hakikatiki siku moja. Hukatika uzi mmoja mmoja, nasi huwa tunajua. Na aliyekwambia kweli kwa utani, amekwambia kweli.

Msidhani Mwanawetu hakupenda. Alipenda sana, ndiyo maana akaficha. Wangapi wetu tunafunika ugonjwa wa mume, ulevi wa mtoto, ufa wa ukuta, tukisema jambo letu moja lipite kwanza? Isimamisheni pantoni. Mwantum angejifungulia huko huko ng'ambo, mikononi mwa mama mkwe wake, na kitu ambacho kingevunjika ni mila tu.