Jirani wa Nyuma ya Ukuta wa Chumvi

Ukuta ulikohoa mchana wa jua la utosi, wakati mji mzima wa Shali umelala na hata punda wameacha kulalamika. Rabha aliacha kutafuna. Mdomoni alikuwa na mkate mkavu usio na chumvi, chakula cha mjane, na kwanza alidhani aliyekohoa ni yeye mwenyewe. Ukuta ukakohoa tena, kwa adabu, kama mgeni anayebisha hodi na hataki kusumbua.

Alikuwa binti wa miaka kumi na sita na tayari ni mjane. Mumewe, Balal, alianguka kutoka juu ya mtende msimu wa kuvuna, na kabla hajazikwa Rabha alivuliwa mapambo yote, akavishwa gauni jeupe, akapandishwa chumba cha juu kabisa cha nyumba ya mume na mlango ukakomewa. Ndivyo tufanyavyo hapa Siwa, katika oasisi yetu ya jangwani. Mjane kwetu hakai eda tu kama wajane wa miji mingine. Kwetu anaitwa ghula, zimwi. Jicho lake likikuangukia kabla hajaoga kwenye chemchemi, umekwisha: mtoto atashikwa na homa, jamaa yako atavunjika kiuno, kisima kitaingia uchungu. Alipokuwa mdogo, Rabha mwenyewe aliwahi kujifunika shuka na kuwakimbiza wenzake uani akinguruma, "Mimi ghula, mimi ghula!" Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Sasa hakuona cha kuchekesha.

Aliyemletea chakula alikuwa Bi Khadra, shangazi wa marehemu, kikongwe mwenye ulimi mkali kuliko kisu cha mchinjaji. Aliingia kinyumenyume, uso kaufunika, akisukuma bakuli kwa fimbo.

"Kula, kisirani wewe. Na usinitazame kisogoni, nina wajukuu."

"Shangazi, mama yangu hajambo?"

"Mama yako anahesabiwa mama wa ghula. Unadhani atakuwaje?"

Mlango ukakomewa. Maneno ya siku nzima yalikuwa hayo tu, na ndiyo maana ukuta ulipokohoa mara ya tatu Rabha alisogea akaweka sikio.

"Mwenzangu," sauti ya kike ikasema. "Umo humo?"

"Wewe nani?"

"Mjane kama wewe. Wamenifungia upande wa pili. Nimekusikia ukilia, nikasema na huyu naye roho inamtoka kwa upweke."

Rabha hakuwa mjinga. Alijua tunaloambiana kuhusu sauti zisizo na nyuso. "Sema bismillahi," akamwambia.

Sauti ikacheka. "Loo! Mtoto wa juzi anifundishe dini? Mimi nimezika mume wa pili huyu, wewe hata huyo mmoja hujamzoea. Haya, kama hunitaki nanyamaza."

Rabha aliona aibu. Akaomba radhi, tena kwa unyenyekevu, na katika kule kuomba radhi akasahau kwamba bismillahi haikusemwa.

Basi wakawa marafiki. Kila jua lilipofika utosini sauti ilikuja, na kila alipomaliza habari moja ilimwambia kwa upole, "Niambie kingine." Rabha akaiambia. Aliiambia kwamba mama yake humwita Kipunje, kwa sababu alizaliwa mdogo kama punje ya shayiri. Aliiambia habari za kovu la goti, alipoangukia mafiga. Aliiambia wimbo ambao mama huuimba akisuka ukili, na habari za mdogo wake Tibra, mwizi mkubwa wa zeituni, anayezidokoa mtungini na kuficha kokwa chini ya mkeka akidhani hakuna ajuaye. Siku moja akaiambia na lile ambalo hakumwambia mtu: kwamba hakuwahi kumpenda Balal, na waliposema amekufa, moyo wake ulipumua. Baada ya kusema hilo alilia mpaka kifua kikamuuma. Sauti ilimnyamazia kwa huruma, hivyo alidhani.

"Ukuta huu mnene," ikasema baadaye. "Sikupati vizuri. Toboa kidogo, mwenzangu. Upande wako ni laini."

Nyumba zetu tunazijenga kwa madonge ya chumvi na udongo kutoka ziwani, na chumvi ile ikikauka inakuwa jiwe. Rabha alichokonoa kwa mpini wa mwiko, mchana hadi mchana, mpaka tundu likapita. Hewa ya baridi ikampiga shavuni, ina harufu ya sufi mbichi na kisima kilichoachwa. Alifurahi jamani, alifurahi kweli, akaweka mdomo kwenye tundu.

"Siku ya kuoga imekaribia. Mama atanipokea mlangoni na zeituni ya chumvi, nifungulie kinywa. Nitakuletea na wewe."

"Hilo usiniambie," sauti ikasema upesi. Siku ile haikuzungumza tena.

Kesho yake Bi Khadra alileta bakuli pamoja na gauni jipya la buluu lililoshonwa na mama, la kuvaa baada ya kuoga. Kwa kuwa lilimtia furaha, Rabha alithubutu.

"Shangazi, na jirani naye ataoga lini?"

"Jirani gani?"

"Mjane wa nyuma ya ukuta."

Kikongwe alisimama, fimbo mkononi. Alisahau hata kutukana.

"Nyuma ya ukuta huo? Huo ni ukuta wa mji, we mtoto. Nyuma yake hakuna chumba. Ni hewa tupu mpaka chini kwenye mitende, ukirusha jiwe utasali kabla halijafika. Nani amekuambia una jirani?"

"Hakuna," Rabha akasema. "Nimeota."

Alijua akisema zaidi watampeleka jangwani, si chemchemini. Alingoja mlango ukomewe. Kisha akageuka, pole pole, akatazama tundu. Nje jua lilikuwa kali la kupasua mawe. Kama kweli nyuma ya ukuta ni hewa tupu, basi tundu lilipaswa kuwaka kama taa, na mstari wa mwanga ulipaswa kulala sakafuni. Lakini tundu lilikuwa jeusi, tangu siku alipolitoboa lilikuwa jeusi, na yeye wala hakujiuliza, na sasa alipokuwa akilitazama weusi ule ukafumba, ukafumbua.

Alilala kwenye kona ya mbali, mgongo ukutani, gauni la buluu kalikumbatia. Tundu alilisindilia mkate. Asubuhi mkate ulikuwa sakafuni, mzima, umekauka kama vile umenyonywa, na kutoka tunduni sauti ilikuwa inaimba wimbo wa mama yake wa kusuka ukili, kwa sauti yake yeye Rabha.

Ndiyo siku aliyosikia pia mpiga mbiu.

"Jifungieni, enyi watu! Fungeni milango, shusheni mapazia! Ghula anatoka! Asiyejificha asimlaumu mtu!"

Mji ukafungwa, mlango kwa mlango, komeo kwa komeo. Bi Khadra alifungua chumba na kukimbia kabla hajaonekana, magoti yake mabovu yakisahau ubovu. Rabha alishuka peke yake na gauni la buluu kwapani. Vichochoro vya Shali vimeezekwa juu, hata mchana ni giza, na nyayo zake zilirudi kwake kutoka kila pembe. Alikwenda, akasikia nyayo, akasimama, nyayo zikaendelea kidogo kisha nazo zikasimama. Sheria ni moja kwa ghula anayekwenda kuoga: asigeuke. Hakugeuka. Nani wa kumwita, na kila jicho la mji limefumbwa kwa ajili yake?

Chemchemini, chini ya mitende, alivua gauni jeupe lililonuka jasho la eda, akaliweka juu ya jiwe kando ya la buluu, akajitosa. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Kwa mara ya kwanza tangu Balal afe alijisikia mtu, si mkosi. Alizama, akafungua macho, na humo majini, karibu kabisa na sikio lake, kitu kikakohoa kwa adabu.

Alipoibuka, jiwe lilikuwa na gauni moja tu. Lile jeupe. Kwenye mchanga palikuwa na alama za miguu iliyolowa, miguu midogo kama yake, zikielekea mjini, na vidole vya nyayo hizo vilikuwa vimeelekea nyuma.

Hapo ndipo Rabha alipoelewa yote kwa mara moja, na ufahamu ule ulikuwa mbaya kuliko hofu yenyewe: kwamba mji mzima umejifungia na hakuna hata mtu mmoja atakayemwona nani anarudi, kwamba kitu kile kina sura yake na gauni la mama na jina la Kipunje na kovu la goti na siri ya moyo wake, vyote amekipa mwenyewe kwa hiari, mchana baada ya mchana, na kwamba punde mpiga mbiu atatangaza ghula ameshaoga, watu watafungua milango, na watakayemkuta kichochoroni na gauni jeupe la eda atakuwa yeye, ghula asiyeoga, na kwa ghula wa namna hiyo hawaulizi, wanaokota mawe. Alivaa lile jeupe likamgandia mwilini, akakimbia, maji yakimchuruzika, akijikwaa gizani, akisikia mbali upande wa msikiti mpiga mbiu akisafisha koo.

Alifika mlangoni kwao akaupiga kwa viganja vyote viwili.

"Mama! Mama, fungua! Ni mimi!"

Ndani kulikuwa na kicheko cha Tibra. Kikakatika.

"Mama, usifungue," Rabha akajisikia akisema kutoka ndani, sauti yake mwenyewe, ile ya woga, yenye kigugumizi kidogo. "Ndiyo hiyo iliyonifuata kutoka chemchemini. Mama, naogopa."

"Mama, huyo siye! Mimi ndiye Kipunje!"

"Mimi ndiye Kipunje," sauti ya ndani ikasema, sasa inalia. "Tazama goti langu. Mafiga, unakumbuka? Ulinifunga kwa ukaya wako."

Rabha alimsikia mama akihema upande wa pili wa ubao, karibu naye kabisa, mkono wake ukipapasa komeo na kuliacha.

"Ya Rabbi," mama akanong'ona. "Nina wangapi?"

Kutoka msikitini mbiu ikaanza: "Fungueni, enyi watu! Ameshaoga!" Komeo la kwanza likalia mahali fulani chini mtaani. Rabha alitafuta kichwani kitu kimoja tu ambacho hakukitoa. Kila alichokishika kilikuwa kimeshapita tunduni. Wimbo, kovu, jina, Tibra. Hata Balal. Kisha akakumbuka siku ambayo sauti ilimkatiza, na walilosema wazee, kwamba asiye mtu haonji chumvi.

"Mama!" akasema, mdomo kwenye ufa wa mlango. "Umempa zeituni?"

Mkono ukaacha kupapasa komeo.

"Umemfungulia kinywa, mama? Mpe zeituni ya mtungi. Na mimi nipe. Kisha ufungue umtakaye."

"Ameniambia... moyo umemchafuka," mama akasema taratibu. "Ameniambia atakula baadaye."

"Nitakula baadaye, mama," ikasema sauti ya ndani.

"Kula sasa, mwanangu. Moja tu."

"Baadaye."

"Sasa."

Chini ya mlango zeituni moja iliviringika ikatoka. Rabha aliiokota na mchanga wake akaitafuna kwa kelele, ili mama asikie, akilia kwa utamu wa chumvi. Ndani mtungi ulivunjika. Kitu kilipiga kelele ambayo mwanzo wake ulikuwa sauti ya Rabha na mwisho wake haukuwa sauti ya mtu, harufu ya sufi mbichi ikapenya kwenye ufa, halafu pakawa kimya na komeo likaanguka.

Mama alimvuta ndani, akamkumbatia na unyevu wake wote, akamwita Kipunje mpaka jina likaisha maana. Sakafuni gauni la buluu lilikuwa limelala tupu katikati ya maji ya mtungi. Tibra alikuwa ameketi pembeni juu ya mkeka wake, mikono mapajani, hajaumia hata ukucha.

"Yule alikuwa amempakata Tibra," mama akasema. "Tangu alipoingia. Amempakata anamnong'oneza, nami nikasema, masikini, amemkumbuka mdogo wake. Tibra, mwanangu, umeogopa?"

Tibra alitikisa kichwa. Mama aliokota zeituni kutoka vigaeni, akawagawia wote wawili, na akaeneza chumvi kizingitini. Majirani wakaanza kuja na pongezi na mikate. Bi Khadra naye akaja, akamtazama Rabha usoni kwa mara ya kwanza, akasema, "Kumbe una sura nzuri," kana kwamba hakuna kilichowahi kuwa kati yao.

Wageni walipoondoka, Rabha alikunja mkeka wa Tibra ili apanguse maji yaliyosalia. Alijua atakachokikuta chini yake na tayari alikuwa akitabasamu. Kokwa zilikuwapo, za zamani, zimefyonzwa zikaisha nyama. Kando yake palikuwa na zeituni ya leo, nzima, ina alama za meno madogo yaliyojaribu yakaacha.

Tabasamu likamkauka. Alimtazama mama, aliyekuwa akiimba kwa furaha akisuka ukili, mama ambaye leo tu amerudishiwa mtoto. Angemwambia nini? Na nani wa kuamini neno la mtu ambaye asubuhi hii alikuwa ghula?

Mkono mdogo wa baridi ukamshika kiganja. Tibra alikuwa amesimama ubavuni pake, anamtazama kwa upole mkubwa. Akakohoa, kwa adabu.

"Dada," akanong'ona, mama asisikie. "Niambie kingine."