Orodha ya Pazi Iliyopotea Ghalani

Kila Jumanne na Alhamisi, kengele ya mwisho ikishalia, Sabra alikuwa akifagia chumba cha kompyuta, kisha anakaa kwenye mashine ya dirishani. Kutoka pale aliiona milima ya Uluguru ikiwa imejifunika mawingu. Watu wa bonde lile hawayasifu mawingu yakiteremka. Wanahesabu watoto wao.

Yeye na wenzake wa klabu ya kompyuta ya darasa la saba walikuwa wakitengeneza programu moja. Mvua ikizidi mlimani, programu ingetuma ujumbe kwenye simu za wote wanaokaa kando ya mto, wahame kabla maji hayajafika. Hayo hayakuwa mambo ya mchezo. Masika iliyopita mto ulimchukua mama wa mwenzao Pazi, na hakuna aliyekuwa amemwonya.

Pazi ndiye aliyepewa kazi ya orodha. Wiki tatu alizunguka nyumba kwa nyumba na kishikwambi cha shule, akiandika majina na namba za simu. Kila jioni aliipeleka kazi yake Ghalani na kukifuta kishikwambi, kama kanuni ilivyotaka.

Ghala lilikuwa jina la mfumo walioletewa na wakubwa wa ofisi ya wilaya. Lilitakiwa kutunza kazi ya kila mwanafunzi pamoja na matoleo yake yote ya nyuma, ili ukiharibu leo, uirudie ya jana. Ndivyo wakubwa walivyosema siku ya uzinduzi. Wakapigwa picha, wakala pilau, wakaondoka. Kulijaribu hawakulijaribu. Ghala lilikwama, lilimeza matoleo, mara likarudisha kazi ya mwezi uliopita kana kwamba watoto hawakuwahi kuja shule. Mwalimu Gervas, msimamizi wa klabu, aliandika barua mbili kulalamika. Hazikujibiwa.

Kanuni ilikuwa hivi: kabla hujaweka kazi yako Ghalani, uchukue kwanza ya wenzako, uiunganishe na yako. Lakini kuchukua kulikuwa mateso. Basi wanafunzi wakajua njia ya mkato, kitufe chekundu kilichoandikwa "Lazimisha". Ukikibonyeza, Ghala linaacha maswali, linafuta kazi iliyokuwamo na kuweka yako. Mwalimu alikuwa amekikataza.

Alhamisi moja Sabra alimaliza kurekebisha vipimo vya mvua kwenye programu. Alijaribu kuchukua kazi ya wenzake mara tatu, na mara tatu Ghala likakataa.

"Sabra, twende bwana!" Yasmin, mwenzake wa darasa, alimwita dirishani. "Unalifuga hilo dude?"

"Linazingua."

"Si ulilazimishe? Nani atajua?"

Sabra akabonyeza. Likakubali mara moja. Kisha akaifungua orodha ya Pazi. Nyumba mia moja na arobaini zilikuwa zimebaki sita, kwa sababu mashine yake ilikuwa na orodha ya siku ya kwanza, na hiyo ndiyo iliyofunika mpya. Akatafuta toleo la jana. Halikuwapo. Akazima mashine, akaenda zake kimya.

Jumanne, Mwalimu Gervas alimsimamisha Pazi mbele ya wenzake.

"Wiki tatu, nyumba sita?"

"Nilimaliza zote, Mwalimu. Ghala limekula."

"Kila mvivu humu ndani anasema Ghala limekula! Nafasi yako atapewa Janeth."

"Labda zimekwenda na maji!" mmoja akatania huko nyuma, na wengine wakacheka.

Pazi alichukua begi lake akatoka. Sabra akatazama sakafu. Ghala ni bovu, alijiambia. Nani asiyejua?

Kesho yake, akipita shambani, aliwakuta Pazi na baba yake, Mzee Mansuri, wakimwagilia kabichi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wewe si mwenzake wa kompyuta? Mimi niliishia la nne, vitu hivyo sivijui. Mwanangu alizunguka mpaka viatu vikatoboka. Hizo namba zimekwenda wapi?"

"Mfumo, baba. Mfumo una matatizo."

Mzee Mansuri aliweka ndoo chini.

"Hilo neno nalijua. Tulipomzika Mama Pazi, nilikwenda ofisi ya wilaya kuuliza kwa nini king'ora cha mafuriko hakikulia. Wakaniambia, 'Mzee, mfumo ulikuwa na matatizo.' Nikauliza, anayeuangalia ni nani? Wakatazamana. Mpaka leo sijaonyeshwa mtu. Utadhani mke wangu aliuawa na neno."

Sabra akamgeukia Pazi.

"Ni mimi," alisema. "Nilibonyeza Lazimisha. Ghala ni bovu, lakini mkono ni wangu. Nikaona, nikanyamaza."

"Ukaniacha nichekwe?" Pazi aliuliza.

"Ndiyo."

Pazi hakumtukana. Alimpa mgongo tu, akaendelea kumwagilia.

Asubuhi Sabra alirudia maneno hayo mbele ya darasa zima. Mwalimu Gervas alimrudishia Pazi nafasi yake, akamwomba radhi hadharani, jambo ambalo yeye mwenyewe hajawahi kufanyiwa na wakubwa wake. Kisha akamwagiza Sabra afuatane na Pazi nyumba kwa nyumba, safari hii na daftari la jalada gumu mkononi, ili pawe na nakala ambayo Ghala haliwezi kuimeza.

"Mlishakuja!" walifokewa kila mlango. "Namba zetu mnazipeleka wapi?"

"Niliziharibu mimi, mama," Sabra alijibu. Alijibu hivyo mara mia moja na zaidi, na haikuzoeleka. Siku nne za kwanza Pazi hakumsemesha. Siku ya tano alimwambia, "Shika daftari vizuri, mvua inanyesha."

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mzee Mansuri. Alitaja namba yake polepole, kisha akasema:

"Wakubwa wataendelea kutuletea vitu vibovu, na mimi sitachoka kuwasema. Lakini ubovu wao usiufanye pango la kujificha. Ungenyamaza, ungekuwa umeshaanza kufanana nao, nawe una miaka kumi na mitatu tu. Akipatikana wa kusema 'ni mimi', kosa linarekebishika. Wote wakisema 'ni mfumo', sisi tunazika, na masika nyingine inakuja. Haya, nisomee hiyo namba."

Sabra akaisoma tarakimu moja moja. Pazi akaipiga. Simu ikaita mfukoni mwa mzee.