Vikombe vya Mahameni

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata dada yangu Deodata, niliyenyonya naye ziwa moja, na nayaandika kama alivyonisimulia tukichambua maharage, kidogo kidogo, kwa sababu siku hizi anachoka upesi.

Dada aliolewa Bukiriro, juu milimani, ambako ukungu hukaa mpaka saa nne na mtoto havuliwi sweta hata kiangazi. Wakati wa Operesheni Vijiji watu wa kule walitolewa kwenye migomba yao wakapangwa kando ya barabara. Nyumba za juu zilibomolewa. Makaburi yalibaki. Mama mkwe wake, Nyirabahizi, alikuwa akipanda mahameni mara moja moja kuwapa wazee kinywaji. Katika ukoo wao kila kaburi lina kibuyu kilichofukiwa, mdomo ukiwa sawa na ardhi, ili marehemu anywe bila kuinuka. Mwenye kumimina hutaja jina la mwenye kibuyu, humimina pombe ya ndizi, kisha huondoka bila kugeuka nyuma.

Mwaka wa vita, Laurian, mume wa dada, alikwenda na wenzake wa mgambo. Alimwacha na mtoto mchanga. Barua haikuja hata moja. Jioni redio ya mwenyekiti wa kijiji ilisema majeshi yetu yanasonga mbele, na dada alirudi nyumbani, akapika, akalala, akaamka, akashika jembe tena.

Bwana Gozbert alifika siku ya kawaida kabisa, watu wakiwa wanapalilia shamba la kijiji. Gari la serikali lilimshusha na masanduku yake likaondoka. Alikuwa mtu mpole, mwenye kikohozi, na alionekana kuchoka kuliko wenyeji. Alieleza kwamba anahesabu aina za chungu, hawa sisimizi, na siafu katika sehemu za baridi za kaskazini, kuanzia milima ya Karagwe hadi kwetu. Penye joto aina ni nyingi, alisema. Kadiri unavyopanda kwenye baridi zinapungua, naye alitaka kujua ni zipi zinazovumilia.

Mwenyekiti aliisoma barua yake mara mbili. Akauliza kama chungu nao wanaandikishwa mgambo. Watu wakacheka, maana walikuwa hawajacheka siku nyingi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unachimba tundu, unafukia kikombe cheupe cha plastiki mpaka mdomo uwe sawa na ardhi, unatia maji kidogo yenye sabuni. Mdudu akipita anatumbukia, na sabuni haimruhusu kutoka. Sabuni ndiyo iliyowaudhi wanawake. Madukani ilikuwa haionekani. Jirani yao Bernadetha alisema, "Sisi nepi tunafua kwa majivu, yeye anawaogesha chungu."

Bwana Gozbert alitaka ardhi ambayo haijalimwa miaka kadhaa. Ardhi hiyo ni mahame tu. Wanaume walikataa kuchimba kule, kila mmoja na udhuru wake. Dada alikubali, kwa kuwa aliahidiwa kipande cha sabuni kitakachobaki. Nyirabahizi wakati huo alikuwa Biharamulo kwa binti yake. Angekuwepo angemzuia.

Mstari wa vikombe ulipita kando ya makaburi. Bwana Gozbert alifunga vitambaa kwenye vijiti, lakini ndani ya ukungu vitambaa havikuonekana. Dada akatafuta njia yake ya kukumbuka. Kila alipofukia kikombe, alikipa jina la kaburi lililo karibu. Hiki cha baba mkwe. Hiki cha bibi Ernesta. Hiki cha Anatoli, aliyekufa kwa surua. Alitaja jina, akamimina maji, akasogea mbele.

Kikombe cha mwisho kiliangukia nje ya makaburi, mbele ya ulipokuwa mlango wa nyumba yao ya zamani, nyumba aliyoingizwa akiwa bibi harusi. Hapakuwa na kaburi. Mtoto alikuwa analia mgongoni, na mikono ya dada ilikuwa imekufa ganzi kwa baridi. Akamimina. Akasema, "Hiki cha Laurian."

Alisema tu, ili asikisahau.

Asubuhi walipanda kukusanya. Bwana Gozbert aliwanasua wadudu kwa kibano na kuwatia kwenye chupa za spiriti. Palikuwa na sungusungu weusi, wekundu wadogo kama punje za ulezi, na wengine wenye vichwa vikubwa kuliko miili. Kikombe cha mwisho hakikuwa na mdudu. Hakikuwa na maji pia. Kilikuwa kikavu, kama kilichofutwa kwa kitambaa.

Akasema kimetoboka, akaweka kingine. Kesho yake kilikuwa kikavu. Akakifunika kwa jiwe, akidhani ni mbuzi wanaoyanywa. Kikavu. Na siku hiyo siafu walikuwa wanapita pale. Walifika kwenye kikombe, wakagawanyika, wakakizunguka kwa mbali, wakaungana tena upande wa pili.

Bwana Gozbert alichuchumaa akatazama muda mrefu. "Siafu hawakwepi kitu," alinong'ona.

Siku ya kuondoka walichimbua vikombe vyote. Cha mwisho hakikuonekana. Kijiti kilikuwepo, kitambaa kilikuwepo. Chini yake ardhi ilikuwa ngumu, imeota nyasi, kama mahali pasipoguswa na jembe. Bwana Gozbert alimpa dada sabuni yake, akapanda gari. Hakuaga vizuri.

Vita viliisha. Laurian alirudi kwa miguu kutoka Ngara mjini, mchana, bila jeraha. Wakampigia vigelegele, wakamnywesha pombe. Dada alilia mpaka akaona aibu.

Lakini mumewe alikuwa amechoka uchovu usiokwisha. Alikaa popote akasinzia. Ngozi yake ilikuwa ya baridi kama mtungi. Alikunywa maji, akaomba mengine, akaomba mengine.

Siku moja dada alikuwa anafua nepi kwa ule mwisho wa sabuni. Laurian akasimama nyuma yake. Akainama kwenye beseni, akanusa.

"Deodata," alisema polepole. "Ni wewe uliyekuwa unaniletea maji?"

"Maji gani?"

"Kule. Kiu ilitushika, wenzangu wakaanguka. Mimi kila asubuhi niliamka nikakuta nimeshakunywa. Yalikuwa na sabuni." Akajifuta mdomo. "Tangu nirudi nakunywa, kiu haiondoki. Yale ndiyo yaliyokuwa yanaikata."

Nyirabahizi alikuwa amesharudi. Alikuwa mlangoni na kiko chake, akasikia. Alimwita dada nyuma ya nyumba akamwuliza taratibu, na dada akamweleza yote, vikombe na majina. Mama yule hakukasirika. Aliketi chini.

"Umemnywesha mtu hai kinywaji cha ardhini," alinong'ona. "Kilimwokoa, ndiyo. Sasa ardhi inamdai. Kitafute kile kikombe ukitoe, mwanangu, kabla hajakifuata mwenyewe."

Dada alipanda alfajiri na jembe. Laurian alikuwa amelala kwenye mkeka, mtoto kando yake, Nyirabahizi akiota moto jikoni. Ukungu ulikuwa mzito, hakuona hata miguu yake. Alifika penye mlango wa zamani. Akachimba.

Ardhi haikuwa ngumu tena. Jembe lilizama.

Palikuwa na tundu, la duara, upana wa kikombe. Aliingiza mkono mpaka begani. Hakugusa chini. Hakugusa kikombe. Kitu kikapita juu ya vidole vyake.

Siafu.

Walitoka. Wakaendelea kutoka. Walipita juu ya mkono wake, juu ya miguu yake. Hawakumuuma. Hata mmoja. Walijipanga mstari mmoja mnene, wakashika njia ya kuteremka kijijini.

Dada alikimbia kando yao. Alianguka, akainuka. Kila alipotazama chini, walikuwepo. Alipofika kwake, walikuwa wameshaingia.

Nyirabahizi alikuwa anamwaga majivu kizingitini, akilia bila sauti. Majirani walikuja na vibiriti na majani makavu ya migomba. Dada aliwapita. Sakafu ilikuwa nyeusi, inatembea. Mtoto alikuwa macho, ametulia, na kumzunguka palikuwa peupe. Akamnyakua.

Siafu waliondoka ukungu ulipoinuka. Mkeka ulikuwa pale. Blanketi lilikuwa pale, limeinuka katikati kama lililofunika mtu, kisha likashuka taratibu mbele ya macho yao. Laurian hakuwepo. Hakuna aliyemwona akitoka, na mlangoni watu walikuwa wamejaa. Hapakuwa na damu. Hapakuwa na mfupa. Ule mkeka ulikuwa umelowa, una povu.

Walimtafuta kila bonde. Mwenyekiti aliandika kwamba ametoroka. Nyirabahizi hakumaliza mwaka.

Nilimpokea dada hapa Kirushya. Hakuja na kitu zaidi ya mtoto na mkeka ule, aliokataa kuutupa. Nilimpa chumba cha nyuma. Sakafu yake niliikandika mimi mwenyewe kwa udongo na samadi kabla hajafika, nikailainisha kwa mkono, kila sehemu.

Juzi nilikuwa nafagia humo. Ufagio ukakwama kando ya mkeka. Nikainama. Ulikuwa mdomo wa kikombe cheupe, sawa na sakafu, na udongo uliouzunguka ulikuwa umepasuka kwa ukale. Ndani mlikuwa na maji. Yalikuwa na povu. Nyumba hii haijaona sabuni tangu Pasaka.

Nilimwita dada. Alitazama, akaketi mkekani kama mtu aliyetoka safari ndefu.

"Usichimbe," alisema. "Na usikitajie jina la mtu."

Tumekifunika kwa kinu. Asubuhi tunakuta kinu kimesogea na kikombe ni kikavu, jioni kimejaa. Hatusemi karibu nacho. Tunapita tumefumba midomo, hata kuitana tunaitana kwa mkono.

Lakini mwanangu ndiyo kwanza anaanza kutamka. Leo nilimtoa machoni kidogo tu, nikipepeta maharage. Nilimkuta amechuchumaa pale, ananyoosha kidole, anafungua mdomo kutaja mtu.

Nilimrukia nikamziba mdomo. Sijui kama alikuwa amemaliza.

Nimenawa mara nyingi tangu hapo, kwa maji na kwa majivu. Kiganja kilichogusa mdomo wake bado kinanuka sabuni.