Kikombe cha Pili

"Kikombe cha pili ni cha nani, Khisa?"

Jepkosgei aliuliza kwa simu. Alikuwa kwenye cherehani yake, dukani Eldoret, amechoka hata kugombana. Picha alizotumiwa na mchumba wake zilikuwa zilezile: kreni zilizoshika kutu, maghala yasiyo na paa, meli iliyolala ubavu kwenye bandari ya ziwani iliyofungwa zamani. Ila leo, kwenye ngazi za ghala moja, palikuwa na vikombe viwili vya chai.

"Ni cha Mzee Gerishon, mlinzi."

"Analinda nini huko? Kutu?"

"Wenzake wote walienda. Yeye alibaki na funguo. Huwa nampelekea chai."

"Na mimi je? Mara mbili baba ameandaa koito, jamaa zetu wameketi wakingoja wazee wenu waje kuniposa. Mara mbili uko huko na kamera. Baba amesema Jumamosi hii ndiyo ya mwisho."

Khisa alivuta pumzi.

"Sina wazee, Jepkosgei. Baba na ndugu zake wote tulishawazika. Ningekuja na nani? Niliona haya."

"Miaka mitatu, hukuniambia?"

Akakata simu. Baadaye akaandika: "Huyo unayempelekea chai, ulishamwomba?"

Akarudi kwenye cherehani.

Jumamosi, saa tisa alasiri, Jepkosgei alikuwa akingoja barazani kwao; mama yake, Rael, alimletea sweta. Jamaa walikuwa wameanza kutafuta kofia zao waondoke, lango likagongwa. Khisa aliingia, hana kamera. Nyuma yake mzee mmoja, koti la ulinzi limefuliwa, limepigwa pasi.

"Kijana huyu ameletwa na nani?" aliuliza Mzee Kiprop, babake Jepkosgei.

"Na mimi, Gerishon."

"Ni damu yako?"

"Hapana. Wengi huja kule bandarini ninakolinda, wanapiga picha, wanaenda. Huyu alirudi na chupa ya chai. Nilipougua malaria, alishika zamu yangu siku tatu."

"Na leo lango umemwachia nani?"

Gerishon akaweka funguo mezani.

"Nimelifunga. Leo niko hapa."

Mzee Kiprop alizitazama funguo zile, akamvutia Gerishon kiti.

"Rael, leta mursik. Mzee ametoka mbali."

Jepkosgei alikibeba mwenyewe kile kibuyu cha maziwa ya mgando. Akammiminia Gerishon kwanza, kisha Khisa.

"Umenisamehe?" Khisa alinong'ona.

"Nimechoka, Khisa. Kunywa kwanza."

Lakini alikijaza kikombe cha Khisa mpaka juu.